Bodi ya maji ya Florida: sukari huingilia mlango gani?

Ukisikia kwamba wenye viwanda wameiweka bodi ya serikali mfukoni, picha inayokuja haraka ni ya bahasha ya kaki inayopita chini ya meza. Kwenye kisa cha Everglades, ardhioevu kubwa ya Florida, Marekani, picha hiyo inapotosha. Karibu kila kilichofanyika kule kilifanyika hadharani, kwa sheria zilizopitishwa, mikataba iliyosainiwa na kura zilizopigwa mbele ya waandishi wa habari. Anayekaa kwenye mkutano wa bodi akisubiri kuuona mkono wa kampuni za sukari anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu mkono huo mara nyingi umeshafanya kazi yake ngazi moja au mbili juu ya bodi.

Kwanza maji yenyewe. Ziwa Okeechobee lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,900, lakini kina chake cha wastani hakifiki mita 3. Zamani masika yalipokolea, ziwa lilifurika upande wa kusini, na maji yakatambaa taratibu kwenye uwanda mpana wa nyasi hadi baharini. Uwanda huo ndio Everglades. Mwaka 1928 kimbunga kilibomoa tuta la udongo kusini mwa ziwa na kuua watu wasiopungua 2,500, wengi wao vibarua weusi wa mashambani. Serikali ikajenga tuta kubwa zaidi. Baada ya mafuriko ya 1947, Bunge la Marekani likaidhinisha mradi mkubwa wa mifereji, pampu na mageti ya maji, na mwaka 1949 jimbo likaunda chombo cha kuuendesha. Chombo hicho leo kinaitwa Mamlaka ya Usimamizi wa Maji ya Florida Kusini. Kinahudumia wilaya 16 zenye watu kama milioni 9, kina mifereji ya zaidi ya kilomita 3,000, na bajeti yake ya miaka ya karibuni imepita dola bilioni 1 kwa mwaka.

Mradi ule ulikausha kipande cha ekari 700,000 hivi, papo hapo chini ya ziwa, ili kilimwe. Baada ya Marekani kuacha kununua sukari ya Cuba mwaka 1960, miwa ilitanda. Kampuni ya US Sugar yenye makao yake Clewiston ilikuwepo tangu miaka ya 1930. Ikaongezeka familia ya Fanjul, matajiri wa sukari waliokimbia mapinduzi ya Cuba na kuanza upya Florida. Kampuni yao inajulikana kama Florida Crystals.

Mkulima wa miwa anataka mambo mawili kutoka kwa anayeshika mageti: mvua ikizidi, maji yaondolewe shambani upesi, na kiangazi kikibana, maji yaletwe. Shida ni kwamba maji yanayotoka shambani hubeba fosforasi. Everglades ni mahali penye rutuba haba kwa asili, na kila kiumbe cha pale kimezoea njaa hiyo. Kiwango ambacho jimbo lilikuja kukikubali mwaka 2003 ni sehemu 10 za fosforasi katika kila sehemu bilioni 1 za maji. Zikizidi hapo kwa muda mrefu, zile nyasi ndefu zenye makali ya msumeno hushindwa, na matete mazito yanazibadili mbuga kuwa ukuta ambao ndege mwenye miguu mirefu hana pa kukanyaga.

Sasa bodi inayoiongoza Mamlaka hiyo. Ina wajumbe 9, wote huteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo, wanakaa miaka minne, na hawalipwi mshahara. Hakuna anayepigiwa kura na wananchi, ingawa bodi inatoza kodi ya mali kwa kila mwenye nyumba au kiwanja ndani ya eneo lake. Sheria inataka mjumbe awe na uzoefu katika mojawapo ya fani kadhaa, na kwenye orodha hiyo, pamoja na uhandisi, sheria, uhasibu na sayansi ya mazingira, zimeandikwa wazi kilimo na biashara ya ujenzi wa makazi. Kwa hiyo anayeshangaa kumkuta mtu wa mashamba makubwa kwenye kiti hajaisoma sheria. Mlango uliachwa wazi makusudi, kwa hoja ambayo si ya kijinga: asiyewahi kuona shamba likizama ataamuaje lini pampu iwashwe? Tatizo ni kwamba nyangenyange hana fani inayotambuliwa na sheria, na walalahoi wa mwambao ambao maji machafu huishia mlangoni kwao hawana kiti kilichotengwa kwa ajili yao.

Ila viti si mlango mkuu. Ukitaka kumjua mwenye bodi, mtazame anayeteua. Rick Scott alipogombea ugavana mwaka 2010, US Sugar ilimuunga mkono mpinzani wake ndani ya chama, na Scott akaisema vibaya kampuni hiyo jukwaani. Miaka minne baadaye gazeti la Tampa Bay Times lilifichua kwamba Scott na vigogo wengine wa Republican walikuwa wakisafiri kimya kimya kwenda kuwinda kwenye ranchi kubwa ya kampuni ya King Ranch, Texas, mahali ambapo US Sugar ilikuwa na nyumba yake ya kufikia wageni, na fedha za sukari zilipitia chamani. King Ranch nayo ina mashamba Florida. Mmoja wa wajumbe ambao Scott aliwaweka kwenye bodi ya maji alikuwa makamu wa rais wa King Ranch. Hakuna kosa la jinai katika mlolongo huo. Gavana ana haki ya kuwinda, kampuni ina haki ya kuchangia chama, na mjumbe ana uzoefu wa kilimo kama sheria inavyotaka.

Fedha za sukari hazina chama. Alfonso Fanjul alikuwa mchangishaji wa Democrat, mdogo wake José akiwa upande wa Republican, kwa hiyo kura ikienda kushoto au kulia nyumba ile haikosi mtu wa kupokea simu. Mfano unaosimuliwa zaidi ni wa tarehe 19 Februari 1996. Siku hiyo makamu wa rais Al Gore alitangaza mpango wa kuokoa Everglades uliogusia tozo ya senti moja kwa kila ratili ya sukari. Siku hiyo hiyo Alfonso Fanjul alimpigia simu Rais Clinton, na Clinton akaongea naye kwa dakika kama 20. Tunajua habari hii kwa bahati tu: Monica Lewinsky, mfanyakazi wa Ikulu aliyekuwa na uhusiano wa siri na Clinton, alikuwa chumbani, na ripoti ya mwendesha mashtaka Kenneth Starr ikairekodi simu hiyo kwa saa na dakika. Sijui wenye mashamba wangapi duniani wanapata kuongea na rais kwa simu siku ya mapumziko ya kitaifa kuhusu tozo ambayo hata haijaandikiwa muswada.

Tozo yenyewe ilipelekwa kwa wapiga kura wa Florida mwezi Novemba mwaka huo. Kampuni za sukari zilimwaga zaidi ya dola milioni 20 kwenye kampeni, na tozo ikaanguka. Hata hivyo kura nyingine ya siku ile ile, iliyotaka katiba ya jimbo iseme kwamba anayechafua ndiye atakayebeba gharama kubwa ya kusafisha, ilipita kwa asilimia 68. Ungedhani suala limekwisha. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema kipengele hicho hakijitekelezi chenyewe, kinasubiri bunge litunge sheria ya kukipa meno. Bunge halikukipa. Walipa kodi kadhaa wakaishtaki Mamlaka ya Maji, wakisema kwa nini sisi tusiochafua tunaendelea kukatwa kodi ya kusafisha? Mwaka 2002 wakashindwa. Hapo ndipo penye kichekesho kichungu cha kisa hiki: kortini, chombo cha umma kilisimama upande mmoja, na umma uliotaka katiba yake iheshimiwe upande mwingine.

Mlango wa bunge ulitumika mapema zaidi ya hapo. Mwaka 1988 mwanasheria wa serikali kuu, Dexter Lehtinen, aliishtaki Mamlaka na idara ya mazingira ya jimbo kwa kuruhusu maji yenye fosforasi kuingia kwenye hifadhi za taifa. Jimbo lilipambana na kesi hiyo kwa mamilioni ya dola hadi Mei 1991, gavana mpya Lawton Chiles alipoingia mwenyewe mahakamani Miami na kumwambia jaji kwamba amekuja na upanga wake na anatafuta wa kumkabidhi. Serikali ikasalimu amri. Kampuni za sukari hazikusalimu. Zikafungua kesi juu ya kesi. Mwisho wake ukawa sheria ya 1994. Sheria hiyo ilileta mabwawa makubwa ya mimea ya kuchuja maji, jambo jema, na ikawawekea wakulima kikomo cha kulipa, takriban dola milioni 320 katika miaka 20. Kilichozidi kikabaki kwa walipa kodi wengine. Muswada ulikuwa umepewa jina la Marjory Stoneman Douglas, mpiganiaji mkongwe wa Everglades aliyekuwa ameshapita miaka 100. Alipoona umegeuzwaje, aliomba jina lake liondolewe, na likaondolewa.

Sheria hiyo iliweka tarehe ya mwisho ya kusafisha maji: Desemba 2006. Mwaka 2003 washawishi wa sukari walijaa kwenye korido za bunge la jimbo, na tarehe ikasogezwa miaka kumi mbele. Jaji William Hoeveler, aliyekuwa akisimamia makubaliano ya kesi ya Lehtinen, aliikosoa hatua hiyo waziwazi na kuzungumza na magazeti. US Sugar ikaomba aondolewe kwenye kesi kwa kuonyesha upendeleo, na mwaka huo huo akaondolewa. Binafsi naona jaji aliteleza kwa kuongea na waandishi. Sheria haimtaki jaji afanye hivyo. Ila tazama nani alikuwa macho kumsubiri ateleze.

Kwa nini miaka kumi ipiganiwe namna hiyo? Jibu liko ardhini. Pale Belle Glade, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kuna nguzo ya zege iliyosimikwa mwaka 1924 hadi kwenye mwamba, kichwa chake kikiwa sawasawa na uso wa udongo. Leo nguzo hiyo imechomoza zaidi ya mita 1.8, kimo cha mtu mrefu. Haikupanda, udongo ndio ulioshuka. Udongo ule mweusi ni mabaki ya mimea yaliyolundikana chini ya maji kwa maelfu ya miaka, na ukishakaushwa unaliwa na hewa kidogo kidogo hadi mwamba utokeze. Shamba la aina hiyo lina umri. Anayemiliki udongo unaokwisha hahitaji kushinda kesi moja kwa moja. Kila mwaka wa kuahirisha ni mavuno mengine yaliyoingia ghalani, na siku udongo ukibaki mwembamba anaweza kumuuzia serikali ardhi ile ile kwa ajili ya uhifadhi. Nikiusoma mkasa wote kwa jicho hilo, naona bidhaa ambayo sukari imekuwa ikiinunua Florida ni muda.

Mauzo hayo nusura yatokee. Juni 2008 gavana Charlie Crist alitangaza kwamba Mamlaka itainunua US Sugar, ekari 187,000 kwa dola bilioni 1.75. Uchumi ukaporomoka, mpango ukapunguzwa na kupunguzwa tena, na mwaka 2010 zikanunuliwa ekari 26,800 kwa dola milioni 197, pamoja na haki ya kununua nyingine baadaye. Florida Crystals iliupinga mpango huo kwa nguvu, ikiona serikali inambeba mshindani wake. Ni vizuri kulikumbuka hili: "sukari" si mtu mmoja, na mara nyingine kuta za bodi zimetikiswa na kampuni mbili zinazogombana zenyewe kwa zenyewe.

Mwaka 2011 Scott na bunge walipunguza kodi ya Mamlaka ya Maji kwa takriban asilimia 30. Wafanyakazi wengi walipunguzwa kazi. Habari kama hii haipati kichwa kikubwa gazetini, lakini kwa maoni yangu ina uzito kuliko safari zote za kuwinda. Bodi ya watu 9 wasiolipwa, wanaokutana mara moja kwa mwezi, haiwezi kupima maji yenyewe. Inategemea wataalamu wake. Ukiwapunguza wataalamu, bodi inabaki kumsikiliza yule mwenye wahandisi, wanasheria na takwimu zake tayari, na huyo ni nani?

Kufikia 2015 haki ile ya kununua ardhi zaidi ilikuwa ukingoni kuisha. Mwaka uliotangulia, asilimia 75 ya wapiga kura walikuwa wamepitisha kipengele cha kutenga fedha za jimbo kwa ajili ya ardhi na maji. Wakazi wa pwani walikuja mikutanoni kuiambia bodi inunue. Mwezi Aprili wakatokea waandamanaji nje ya makao makuu ya Mamlaka, West Palm Beach, wakipinga ununuzi. Waandishi wakagundua kwamba baadhi yao walikuwa waigizaji walioitikia tangazo la kazi ya saa mbili kwa dola 75. Mwezi Mei bodi ikaachana na ununuzi.

Halafu ikaja Novemba 2018. Ron DeSantis alikuwa ndiyo kwanza ameshinda ugavana baada ya kumwangusha mgombea aliyependwa na sukari ndani ya chama. Alimsakama kwa jambo hilo hilo, kwa kuwa katikati ya mwaka 2016 na wa 2018 maji ya ziwa yaliyomwagwa pwani yalikuja na uvundo wa mwani wa sumu, na wenye nyumba za ufukweni, wengi wao Republican, walikuwa wamefura. Bodi ilipangiwa kukutana tarehe 8. Usiku wa tarehe 7 kikaongezwa kwenye ajenda kipengele kipya: kuipangisha upya kampuni tanzu ya Florida Crystals ekari kama 16,000, ardhi ambayo ndipo litakapochimbwa bwawa jipya la kupokea maji ya ziwa. Mbunge Brian Mast alikwenda mwenyewe mkutanoni kuomba, kwa niaba ya gavana mteule, kura iahirishwe watu wausome mkataba. Bodi ikakataa, ikapiga kura, mkataba ukapita. Utetezi wao ulikuwa kwamba sheria inaruhusu ardhi ilimwe mpaka ujenzi uanze, na mpangaji angefanya baadhi ya kazi za maandalizi. Huenda mkataba haukuwa mbaya. Lakini kitu kinachosemekana hakina ubaya, kilishindwaje kungoja mwezi mmoja?

Tarehe 10 Januari 2019, siku chache tu baada ya kuapishwa, DeSantis alitaka wajumbe wote wajiuzulu. Mmoja baada ya mwingine wakaondoka, akaweka wake.

Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Ila chombo chenyewe hakikubadilika hata kidogo. Mtu mmoja bado ndiye anayejaza viti 9, na safari hii alisukumwa na hasira ya wenye majumba ya pwani, ambao nao ni tasnia kwa namna yao: bei za nyumba, boti, hoteli. Miwa imebebeshwa pia lawama zisizo zake. Sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka kaskazini, kwenye malisho ya ng'ombe na miji inayopanuka, na wakulima wa kusini mwa ziwa, waliotakiwa kupunguza fosforasi kwa asilimia 25, wamekuwa wakivuka lengo hilo karibu kila mwaka. Uamuzi wa kiasi gani cha maji kibaki ziwani si wa bodi. Ni wa wahandisi wa jeshi la Marekani. Na ukienda Belle Glade au Pahokee, miji masikini iliyozungukwa na miwa, utasikia mtu akiuliza ekari zikigeuzwa bwawa yeye atafanya kazi wapi. Swali hilo kampuni hulitumia kama ngao, lakini aliyeliuliza hakulipwa dola 75.

Wanaosahaulika zaidi ni Wamiccosukee, kabila la wenyeji ambao ardhi yao iko katikati ya Everglades. Mashamba yakikaushwa na miji ikilindwa, maji ya ziada hulundikwa kwenye hifadhi za maji wanamoishi na kuwinda, na visiwa vya miti ambako wazee wao walilima na kuzika vikazama. Waliishtaki Mamlaka, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2004. Mbele ya bodi, wao kama mwananchi mwingine yeyote hupewa dakika chache za kusema, kipaza sauti kikazimwa.

Sukari nayo haikulala baada ya 2019. Mwaka 2021 US Sugar na wenzake waliwashtaki wahandisi wa jeshi kwamba bwawa jipya halikupangiwa kulinda maji yao ya umwagiliaji. Mwaka 2023 jaji wa shirikisho akawakatalia. Katikati, mwaka 2022, Seneti ya jimbo ilipenyeza kwenye muswada mmoja wa bajeti masharti ya kuzifungamanisha fedha za Mamlaka na ulinzi wa mgao wa maji ya wakulima. Wavuvi na wanamazingira wakapiga kelele, na DeSantis akaupiga muswada huo veto mwezi Juni. Mihula yake miwili inakwisha Januari 2027. Wajumbe wanakaa miaka minne, vipindi vyao havimaliziki siku moja, na kila kinachomalizika kitajazwa na gavana atakayefuata, kwa uteuzi unaothibitishwa na Seneti ile ile iliyoandika masharti ya 2022.